Haroub Hakukana

Mdogo wangu Haroub ni mkaidi. Nalisema mapema ili mtu asinijie baadaye na maneno ya "angenyamaza tu, yangekwisha." Hakunyamaza, na mie sikunyamaza, na aliyechukia na achukie.

Mwaka wa sitini na nne, mie na marehemu mume wangu tulipotoka Unguja kuja Jidda, Haroub tulimwacha kwa mama, Kikwajuni, kitoto cha suruali fupi. Mie nikawa mtu wa mtaa wa Kandara. Nawashonea nguo mabibi wa Aziziya, nasema Kiarabu cha Hijazi mpaka wauza mboga wanasahau nilikotoka. Yeye akakua, akaingia jeshini, akafunzwa kuendesha kreni katika kikosi cha ujenzi. Vita vya Kagera vilipokuja akapelekwa mbele. Akarudi na kipande cha bomu ndani ya paja. Madaktari wakasema kukitoa ni hatari kuliko kukiacha, basi kikaachwa. Jeshi likampa nishani na mkono wa kwaheri, akarudi kwa mama akichechemea.

Wakati ule mafuta yamepanda bei, Saudia inajenga kila kona, na kampuni zinaokota watu dunia nzima. Mume wa bibi mmoja ninayemshonea alikuwa anajuana na kampuni ya ujenzi ya watu wa Riyadh, yenye kambi nje ya Jidda, njia ya bandarini. Nikasema na huyo bibi, kafili wa kumdhamini akapatikana, Haroub akaja. Siku za kazi akilala kambini, Alhamisi jioni anakuja kwangu.

Siku ya kwanza tu, hata chai hajamaliza, akaniambia, "Dada, kuna jambo bora ulisikie kwangu kuliko kwa mtu. Kule nyumbani nilikuwa navuta bangi."

Nilikuwa nimeshika upawa. Bahati yake ulikuwa wa mbao.

"Astaghfirullah! Mtoto wa Jabir?"

"Mtoto wa Jabir, ndiyo. Nipige, halafu unisikilize."

Nikampiga, halafu nikamsikiliza. Akasema maumivu ya paja yanapanda mpaka kwenye meno. Hospitali walikuwa wakimpa vidonge vya homa. Akifumba macho anarudi barabarani kule bomu lilipowapata, anawasikia wenzake. Kitu pekee kilichomlaza kilikuwa kile. Akasema, "Serikali ilikuwa na bunduki ya kunipa, dawa haikuwa nayo. Na ile iliyonifaa, nikikamatwa nayo, serikali ileile inanifunga. Nimeumia kwa kazi yao, dawa naitafuta uchochoroni kama mwizi. Niambie, haki iko wapi hapo?"

"Haki kaitafute kwenu," nikamwambia. "Hapa ni jela na viboko, kisha ndege."

"Najua. Ndiyo maana nimeiacha kulekule. Sijaja kukutia aibu."

Na aliiacha kweli. Nilijua kwa sababu Alhamisi zake zikawa mbaya. Anapiga makelele usingizini mpaka jirani yetu Mmisri anagonga ukuta. Mie nikafanya tunavyofanya kwetu. Juu ya paa nilikuwa na kivumbasi, nimekiotesha kwenye debe la samli kwa mbegu alizoniletea mama alipokuja kuhiji. Nikachuma, nikaanika, nikamfukiza pamoja na ubani na mvuje, nyumba nzima ikanuka. Majani mengine makavu nikamshonea kifuko cha kulalia chini ya mto, akawa anakwenda nacho kambini. Kwetu mtu anayeweweseka usiku hulazwa na kivumbasi, hilo halina mjadala. Haroub alisema hajui kama kinafukuza kitu, lakini kinanuka nyumba ya mama, na hilo linamtosha.

Kambini alikuwapo daktari wa Kisudani, Daktari Hashim. Haroub akaenda kwake akamweleza yote, bomu na bangi, hakubakisha. Daktari akamwambia, "Mimi ni tabibu, si askari." Akamwandikia vidonge halali, vya kumeza baada ya kazi, visivyoleta usingizi kazini. Mambo yakatengemaa. Mwaka mzima hakuangusha hata tofali.

Basi siku moja ya kazi, mchana, mlango wangu unagongwa kama nyumba inawaka moto. Ni Odhiambo, Mkenya, fundi wa mitambo pale kambini, rafiki yake Haroub, mtu wa mzaha ambaye kila Ijumaa anakula kwangu. Siku hiyo mzaha hakuwa nao.

"Mama Salim, Haroub ako na shida kubwa. Wamefanya search kwa macho ya kila mtu, wakapata kitu kwa kabati yake. Wanasema ni hashish."

"Kitu gani?"

"Kamfuko kadogo, kameshonwa. Iko majani ndani."

"Alaa! Kile changu!"

Akanieleza. Msimamizi wa kambi, Mwingereza mmoja, Mista Hadli, alikuwa na mtindo wake. Akimshuku mtu, haiti polisi, kwa sababu kampuni haitaki kelele. Anamwekea karatasi mbele: weka saini kwamba unaondoka kwa hiari yako, upande ndege leo, ama niite polisi. Hakuna aliyewahi kuchagua polisi. Wote wanatia saini, wenye makosa na wasio na makosa.

"Na Haroub?"

"Haroub amemwambia, lete polisi."

"Kasemaje?"

"Lete polisi. Ameketi chini mbele ya ofisi, hatoki. Mimi nimemwambia, bro, weka saini uende, usicheze na hawa watu. Amekataa kabisa. Hadli mwenyewe hajui afanye nini, hajawahi kuambiwa hivyo."

Nikapanda juu, nikashuka na debe langu la kivumbasi, udongo na mizizi yake.

"Sasa hiyo debe ni ya nini, Mama Salim?"

"Panda gari."

Kule kambini mlinzi akasema wanawake hawaingii. Nikamwambia kwa Kiarabu cha sokoni kwamba kama ana ubavu wa kumshika mjane mkono mbele ya watu, haya, anishike. Hakuwa nao. Nikapita. Haroub nilimkuta kaketi kwenye changarawe, jua la kichwa, mguu mbovu kaunyoosha mbele. Aliponiona na debe akacheka. Mtu anatafutiwa jela, anacheka!

Debe nikalitua juu ya meza ya Mista Hadli, udongo ukamwagika kwenye karatasi zake.

"Hii hapa hashish yenu," nikasema. "Iteni polisi. Lakini mnikamate mie, maana nimeipanda mie, nimeianika mie, na kifuko nimekishona mie."

Karani wake alikuwa Myemeni, Salih. Ndiye aliyekuwa akinitafsiria. Salih akainama, akanusa debe, akakata jani akalisugua viganjani. Akaangua kicheko. Akamwambia bwana wake kwamba haya ni majani ya jamii ya rihani, kwao mama yake anayo mlangoni, na kama hii ni hashish basi Jidda nzima ifungwe. Mista Hadli akachukua kile kifuko, akanusa, akanusa na debe. Shingo ikamwiva.

Hapo, jamani, ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nichukue debe langu niende zangu. Mzungu yule akauliza swali moja tu, nadhani kwa kujifuta aibu. Akamgeukia Haroub, akamuuliza kwa Kiingereza kama amewahi maishani mwake kutumia hashish au bangi.

Mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini huyu alikuwa mwanajeshi miaka minane, akiulizwa na mkubwa anajibu alichoulizwa. Akasimama wima, akasema, "Ndiyo, bwana. Vitani, na baada ya vita. Hapa, hapana."

Wallahi nilitamani nimvike lile debe kichwani.

Mista Hadli akauliza ni nani atakayekubali kusimama chini ya mzigo ulioshikwa na mvuta bangi. Swali lile, niseme kweli, si la kijinga. Ningekuwa chini ya mzigo mie mwenyewe ningeliuliza. Haroub akamjibu, "Muulize daktari nameza nini na nameza lini. Kisha waulize hawa walio chini ya kreni yangu kama nimewahi kuwaangushia kitu." Lakini wapi! Akanyang'anywa funguo papo hapo. Salih akatuambia kwa sauti ndogo kwamba habari inapelekwa Riyadh kwa mwenye kampuni, na yeye ndiye atakayesema: kreni, au ndege.

Tukaenda Riyadh. Nilikwenda naye kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha kambini tu, yalla na mafi na halas, yaani haya na hakuna na basi, na hayo hayamwokoi mtu mbele ya kafili. Njia nzima ndani ya basi sikusema naye. Tulipokaribia ndiyo nikamwambia, "Ukiulizwa tena, sema hapana. Neno moja. Mama anaishi kwa mkono wako." Akaangalia dirishani.

Ofisi ilikuwa Sulimaniyah, ghorofani, chini maduka ya saa na viatu. Karani wa mlangoni akasema mwanamke angoje chini. Nikamwambia, "Mie ndiye ulimi wake, na yeye ndiye maharimu wangu, ndugu wa kunisindikiza. Haya, tutenganishe tuone utazungumza na nani." Sauti ikatoka ndani ikasema waacheni wapite.

Mwenye kampuni alikuwa mzee wa makamo, Abu Nayif, mpole wa maneno. Nikakaa karibu na mlango na ushungi wangu, Haroub kasimama. Kahawa ikaletwa. Abu Nayif akasema amepiga simu Jidda. Daktari Hashim amekataa kumwambia yaliyomo kwenye faili la mgonjwa, amesema tu kwamba mtu huyu anafaa kwa kazi yake. Mista Hadli anasema mtu amekiri. Yeye hataki fitina wala polisi, na dereva wa kreni mzuri hapatikani kirahisi.

"Umm Salim," akaniambia, "mwambie nduguyo maneno yangu. Hapa hapa mbele yangu aseme hajavuta kamwe, kwamba yule Mwingereza hakumfahamu vizuri. Nitamsadiki. Halas. Kesho anapanda kreni yake."

Mnaona? Mlango ulikuwa wazi, umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Nikamgeukia Haroub nikamtafsiria, na nikamwongezea kwa Kiswahili, "Umenisikia njiani. Neno moja."

Haroub akasema, "Mwambie namshukuru. Lakini nilivuta."

Nikamgeukia Abu Nayif nikamwambia kwa Kiarabu, "Anasema hajavuta kamwe, Mungu ni shahidi wake."

Ndiyo, nilisema uongo. Sijutii. Ningeulizwa leo ningesema tena. Lakini yule mkaidi, Kiarabu chake kidogo kilimtosha kunikamata. Akatikisa kichwa, akapiga kifua chake kidole, akasema kwa Kiarabu kilichovunjika, "La, baba. Mimi kuvuta. Vita. Hapa mafi."

 Abu Nayif akaniangalia, mie nikaangalia zulia.

"Haroub," nikasema, na machozi yananitoka kwa hasira, "mtu amekupa nafasi! Unataka nini weye?"

Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, "Dada, nikisema sikuvuta, nimesema sikuumia. Mguu huu wameshaukana jeshi, wameukana hospitali. Leo na mie niukane? Mwambie hivyo hivyo. Usinipunguzie."

Basi nikamwambia Abu Nayif hivyo hivyo. Sikumpunguzia hata neno.

Abu Nayif akafikiri. Akasema ana huruma naye, atampa kazi ya kukaa langoni, chai na kivuli, mshahara uleule. Nikaona afadhali. Haroub akasema hapana.

"Langoni anakaa asiyeweza kazi. Mie naweza. Nipimeni. Daktari anipime, yule Mzungu asimame chini aangalie. Nikishindwa, nitakwenda mwenyewe uwanja wa ndege, msihangaike na karatasi."

"Unajua," Abu Nayif akasema, na safari hii upole umepungua, "kwamba naweza kukutoa nchini kabla ya laasiri?"

Nikatafsiri.

"Najua," Haroub akasema. "Lakini utakuwa umenitoa kwa jambo nililokwambia kwa mdomo wangu. Wale mia walioko kambini wana macho. Wengi wao wametoka kwenye vita vya kwao, nawasikia usiku. Wanameza vitu wasivyovijua, wamevinunua kwa siri, wanapanda mitambo yako hivyo hivyo. Ukinifukuza, watazidi kukuficha. Sasa weye unamtaka nani juu ya kreni, anayesema au anayeficha? Weka sheria: aliyemwambia daktari ukweli, na daktari akasema anafaa, asifukuzwe kwa maradhi yake wala kwa dawa yake. Ile iliyokatazwa nchini mwako sikuombi. Nakuomba hii iliyo halali."

Hayo nikayatafsiri yote, na pale alipoweka adabu nyingi mno, mie nikapasha moto kidogo. Abu Nayif akazungusha kikombe chake.

"Mfanyakazi ananifundisha kuweka sheria kwenye kampuni yangu," akasema.

"Hakufundishi, bosi," nikasema, hilo sikungoja kutumwa. "Anakwambia. Hakuna mwingine atakayekwambia."

Akakitua kikombe. Kisha akamwita karani, akaagiza simu ya Jidda. Akaamuru Haroub apimwe na daktari, kisha apimwe juu ya kreni, Mista Hadli akiwapo. Akifaa, arudi kazini, na watu watangaziwe kama alivyosema. Anayeficha ndiye atakayeondoka. Halafu akamtazama mdogo wangu.

"Na mkataba wako ukiisha, sitaufanya upya. Sipendi kusemeshwa hivi ofisini kwangu."

"Haki yako," Haroub akasema.

Nje, kwenye baraza ya maduka, nikamvamia. "Umeshinda nini sasa? Mkataba unaisha baada ya Mfungo Mosi, Idi ikipita tu! Ungesema neno moja ungekaa hapa miaka kumi!"

"Ningekaa miaka kumi nikijificha," akasema. "Nimechoka kujificha, dada. Nimechoka kabisa."

Nikalia pale pale mbele ya watu. Nilimkasirikia, na nilijivunia. Yote mawili kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Akapimwa. Akapandisha mzigo, akautua pale walipochora chaki. Mista Hadli akampa funguo. Jumamosi Salih akatangaza ile sheria mbele ya watu wote, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Hakuna aliyeinua mguu kwenda kwa daktari. Walidhani ni mtego, na mie nisingewalaumu. Haroub akaenda peke yake akaketi kwenye benchi la nje ya kliniki, mchana wa mapumziko, kila mtu amwone. Kesho yake tena. Siku ya tatu akaja mchomea vyuma mmoja wa Kipakistani akaketi ncha ya pili ya benchi, hakumsalimu wala hakumtazama. Baada yake Mueritrea. Hivyo hivyo, mmoja mmoja.

Ijumaa moja Odhiambo alikuja kula kama kawaida. Nimepika pilau, sinia iko katikati, na yeye anachezea chakula. Nikamtania, "Leo pilau imeharibika, au umeoa?"

Hakucheka. Akasema, "Haroub, huu mgongo wangu unauma kila nikikaa. Mimi husema tairi iliniangukia garage. Si tairi."

Haroub akaacha kula.

"Nilikuwa askari. Sixty-six, vita ya shifta, wale waasi wa mpakani, huko Garissa. Lori letu lilikanyaga bomu. Tulitoka wawili. Hapa nimenunua vidonge kwa dereva mmoja miaka yote hii, hata sijui ni za nini. Hakuna mtu nimewahi kuambia, hata bibi yangu."

"Na ndiyo maana ukaniambia nitie saini niondoke," Haroub akasema.

"Niliogopa, bro. Ukibaki ukianza kusema, wangeuliza ni nani mwingine." Odhiambo akajifuta uso kwa mkono mkavu. "Kesho nitakuja kwa hiyo benchi. Lakini wewe mkataba umekwisha karibu. Ukienda, nani atakuwa anaketi hapo?"

"Weye," Haroub akasema, akamsogezea nyama.